Makande Yameiva kwa Gesi Yako

Makande yameiva, Sechelela! Yameiva kwa gesi! Mahindi yamepasuka, maharage yamelainika mpaka Bibi yako, ambaye meno yake unayajua, kayala bila kuchagua, na hakuna hata kijiti kimoja cha kuni kilichoingia chini ya sufuria lile. Gesi tupu, tangu maji yalipoanza kuimba mpaka chakula kiliposhuka. Gesi yako, mwanangu.

Haya, sasa nimepumua. Mbukwa, binti yangu. Salamu imechelewa kwa sababu habari ilikuwa inaniwasha ulimi, na wewe mwenyewe unanijua, mama yako si mtu wa kukaa na jambo mdomoni. Huku hatujambo. Mvua mwaka huu haikutunyanyasa, uwele umetoa masuke ya kunenepa, na baba yako mgongo umemwachia kidogo, ingawa akiona jembe unamrudia.

Barua hii nimeiandika ya wazi, tena kwa makusudi. Kabla haijakufikia huko Songea itasomwa kwenye kikundi chetu cha akina mama, na katibu nimemwambia aisome kwa sauti ya kutosha, asimung'unye maneno. Wewe ulichekwa hadharani, basi na haki yako itoke hadharani. Anayeona ninajisifu, na azae na yeye kama nilivyozaa mimi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisiliba ile nyumba ya udongo, kabla baba yako hajaezeka bati? Wenzako walikuwa wanashika mavi ya ng'ombe kwa ncha za vidole, wamekunja pua kama wameonjeshwa shubiri. Wewe uliingiza mikono mpaka viwiko. Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele, ukageuka ukaniambia, "Mama, ndani yana joto kama uji." Nikacheka nusura nianguke kwenye ngazi. Jioni nikamwambia baba yako, huyu mtoto atasoma habari za ng'ombe mpaka ng'ombe wenyewe wamwamkie shikamoo. Akaniambia niache kuota. Nani alikuwa anaota? Siku jina lako lilipotoka kwenda chuo cha mifugo Mpwapwa, habari niliifikisha bombani, niliifikisha kanisani, nikamwambia hata yule kijana wa mashine ya kusaga ambaye hakuwa ameniuliza chochote. Mimi niliyeishia darasa la saba, na tena kwa kusukumwa!

Na kuni unazikumbuka. Nakumbuka siku ile mwiba ulipokuingia kisiginoni kule kilimani, tukakaa juu ya jiwe nikautoa kwa sindano niliyokuwa nimeichomeka kwenye khanga. Hukulia. Ulikuwa unaangalia kilima. Ukaniuliza, "Mama, miti ya hapa ikiisha tutapikia nini?" Nikakujibu, Mungu anajua. Na kweli alikuwa anajua, mwanangu. Alikuwa amekaa hapo hapo juu ya jiwe na wewe, anakuandaa, na pembeni umetua kimzigo chako cha vijiti kisichotosha hata kuchemsha yai.

Ndiyo maana ulipopata mshahara wa kwanza sikushangaa. Wenzako hununua simu, hununua viatu vya kutembelea kwa tahadhari. Wewe ulikuja na fundi, ukaja na mifuko ya saruji, ukasema unamjengea Bibi mtambo wa biogesi. Maana Bibi alikuwa anaisha kwa moshi. Macho mekundu, kifua kinakwaruza kama mlango wa zizi, na mganga wa zahanati alishamwambia moshi basi. Yeye akamjibu, "Moshi huu nimeishi nao kabla mama yako hajakuzaa. Utanihamishaje?"

Baba yako akachimba shimo. Bibi akaweka kigoda pembeni na kikopo chake cha ugoro, anaangalia, na kila mpita njia anamsikia.

"Mnamzika nani?"

"Hatumziki mtu, Bibi," ukamwambia. "Ng'ombe atatupikia."

"Mimi ng'ombe nimemkamua miaka yote hii. Hajawahi hata kunichemshia maji."

Nakumbuka ule moto wa kwanza. Wa bluu, mdogo, umetulia kama ua. Tulichemsha chai, ukalia, na mimi nikalia kwa sababu wewe unalia, baba yako akatoka nje akajifanya anaangalia mbuzi. Bibi akanywa kikombe chake chote. Halafu akafuta mdomo. "Chai hata jua linaweza kuipasha," akasema. "Jiko lisiloivisha makande ni kiberiti kikubwa. Siku litakapoivisha makande, mimi mwenyewe nitayatoa mafiga yangu jikoni. Kabla ya hapo, msiniguse." Ukampa mkono, akaupokea. Nilishuhudia mimi.

Ile Krismasi sitaki kuirefusha, lakini lazima isemwe, ndiyo sababu ya barua. Nyumba imejaa wageni, sufuria la makande liko juu ya gesi, na moto unapungua. Ukapungua ukawa kama ukucha, ukazima. Mahindi yanagonga sufuria kama changarawe. Tukamalizia kwa kuni, kila mtu anapenga kamasi, na Bibi anakohoa pale pale kwenye mafiga yake. Kesho yake nje ya kanisa, Mama Lea, jirani yetu huyu ambaye mwanawe anaendesha greda kule Msalato wanakojenga uwanja wa ndege, na asiyetuachia hata siku moja tusahau hiyo greda, akasema mbele ya watu: "Kumbe lile shimo ni kaburi la mshahara wa Seche!" Watu wakacheka. Na wewe ukacheka. Lakini kicheko chako nakijua, nimekilea mimi, na kile hakikuwa chenyewe.

Asubuhi yake ukapanda basi. Tangu hapo ni kazi nyingi, mama. Likizo imebanwa, mama. Sikukuu zimekuja zimeondoka, na sahani yako naitoa kabatini, naifuta, nairudisha. Halafu siku moja kwenye simu ukaniambia, "Mama, lile shimo lifukieni tu. Mpande migomba juu." Nilikwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikuwa sitaki kusikia sentensi ile ikimalizika.

Migomba? Mtambo wa binti yangu? Nikamwambia baba yako, hapa hakifukiwi kitu.

Basi ngoja nikusimulie tulivyofanya. Mambo mengine uliyaelekeza wewe mwenyewe kwa simu, kwa ile sauti yako ya kukata tamaa, ukidhani hatusikilizi. Tulikuwa tunasikiliza. Kwanza mchanga. Ulisema tuache kukwangua kinyesi kikavu cha zizini, maana huja na mchanga na mchanga hukaa chini ya mtambo hautoki. Baba yako akabisha, akasema samadi ni samadi. Nikamchotea ndoo moja ya ile ya zizini, nikaiosha mbele yake, nikamwonyesha kilichobaki chini. "Haya, baba Seche, jenga banda la kuku." Akasakafia wanapolala ng'ombe, akaweka na mfereji wa mkojo unaoteremka kwenye ndoo. Sasa tunaokota kinyesi kibichi asubuhi, kina mvuke, na mkojo unachukua nafasi ya sehemu ya maji. Hapa kwetu ambako maji tunayaheshimu kuliko wageni, hilo peke yake lilikuwa ukombozi.

Halafu zabibu. Rafiki wa baba yako kule Hombolo anakamua mvinyo, na makapi yake alikuwa anayamwaga nyuma ya nyumba yanavutia nzi. Baba yako akarudi na mkokoteni wa punda umejaa, anaimba. Alitaka kuyatumbukiza yote siku hiyo hiyo. Nikakupigia, na hapo ndipo niliposikia Seche wangu amezinduka, ulipiga kelele mpaka simu ikakwaruza: "Mama, mzuie! Asiuvimbishe mtambo! Makapi ni makali, yataugeuza kuwa chachu, hautatoa gesi." Ukasema yakatwekatwe madogo, yalowekwe kwanza kwenye pipa pamoja na lile tope linalotoka upande wa pili wa mtambo, yakae juani yapate joto, halafu yaingie kidogo kidogo, kinyesi kiwe kingi na makapi yawe kama kiungo. Hilo la kiungo nililisema mimi, wewe ulisema kwa lugha yako ya chuo, lakini maana ni ile ile. Tumbo la mtambo ni tumbo. Mtu aliyeshinda njaa humpi pilau ndoo nzima.

Na moto ukapanda, Sechelela! Tukapika ugali, tukapika mlenda, tukapika kuku, jogoo si kifaranga. Nikaanza kutembea kijijini shingo imenyooka.

Lakini kukawa na kitu. Katikati ya wiki moto ni wa kujivunia, ikifika Jumapili umelegea kama mgonjwa. Jumatatu, Jumanne unasinzia. Ukianza kupata nguvu, Jumapili nyingine hiyo, umelegea tena. Makande yakabaki ndoto. Tuliwahi kujaribu mara kadhaa na kila mara tukaishia kwenye mafiga, na Bibi anasogeza tu kuni. Baba yako akapaka povu la sabuni kwenye mpira wote wa gesi kutafuta panapovuja. Hapavuji. Mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumtazama Mama Lea. Kila Jumamosi anapita hapa kwenda gulioni, na anapopita huangalia mtambo. Nikasema jicho lile si bure. Nilifikia kumpikia chai nzuri na kumkalisha upande wa pili wa nyumba ili asiutazame.

Jumamosi moja nilikwenda Hombolo kuchukua makapi, nikapata lifti ya kurudi, nikafika nyumbani mapema kuliko nilivyoaga. Nazunguka nyuma ya nyumba, namkuta Bibi yako. Mkongojo wake ameuegemeza ukutani. Ameinama juu ya shimo la kuchanganyia kinyesi, beseni mikononi, anamimina. Povu jeupe limejaa shimo zima kama pombe iliyochacha vizuri.

"Mama," nikamwita, "unafanya nini?"

Hakustuka hata. "Nakinywesha."

"Maji gani hayo?"

"Ya kufulia. Nimefua khanga zangu. Maji mazuri kabisa, yamefanya kazi mara moja tu."

"Mama! Kila Jumamosi?"

"Kwani mimi nafua siku gani? Na nimeanza kabla ya Krismasi ile."

Unajua Bibi hakubali mtu amfulie. Na wewe ulitukataza sabuni tangu siku ya kwanza, baba yako alisikia, mimi nilisikia. Lakini nani angemwambia Bibi, wakati Bibi aliapa mbele ya mji mzima kwamba hausogelei mtambo ule? Hausogelei, wala haupiti kivulini mwake!

Nikamwambia, "Mama, sabuni inaua."

"Sabuni inaua uchafu. Humo si uchafu?"

"Humo wamo wadudu wadogo wasioonekana, ndio wanaotengeneza gesi. Wanakula kinyesi, wanatoa gesi. Sabuni inawaua."

Akaliweka beseni chini. Akaangalia lile povu.

"Sasa kwa nini ulikuwa unafanya hivi, mama? Wewe si ulisema ni kiberiti?"

"Nilisema kiberiti, ndiyo. Lakini ni kiberiti cha mjukuu wangu." Akatafuta mkongojo wake, nikamshikisha. "Mtoto kaacha kitu chake hapa, ninyi mnakipimia maji kwa kopo. Nikikaa hapa nakisikia kinakoroma. Nikasema kina kiu. Maji safi siwezi kukipa, maji safi ni ya kunywa watu. Nikakipa niliyokuwa nayo." Halafu akaniuliza, taratibu, "Kwa hiyo nimewaua wadudu wa Seche?"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, na mzigo wangu wa makapi mgongoni, nikaanza kucheka huku machozi yananitoka. Miaka yote nilidhani katika nyumba hii Bibi ndiye adui wa mtambo wako. Kumbe ndiye aliyekuwa anaugawia maji yake ya Jumamosi, na huku kwetu mtu akikugawia maji, hata yawe ya kufulia, hana kingine kikubwa cha kukupa.

Siku ile hakula. Kesho yake aliamka kabla yangu, akaniambia, "Nionyeshe wanakula nini."

Tulichota mtambo tukapunguza tope lililokuwemo, baba yako akaenda Hombolo kwa mtu mwenye mtambo mzima, akaomba mapipa ya tope lake lililo hai, kama mtu anavyoomba hamira kwa jirani. Tukalisha kidogo, tukangoja. Na Bibi akashika kazi. Wewe hujamwona! Anakaa kwenye kigoda na ungo wake, anapepeta maganda na makapi kama anapepeta uwele. Kokoto huku, vikonyo vya zabibu huku. "Hiki kigumu, mpe mbuzi. Hili laini, watoto wa Seche watalipenda." Ndivyo anavyowaita wale wadudu, watoto wa Seche, na mimi nimemwambia asiseme hivyo mbele ya wageni, watatuzushia habari isiyo yetu. Maganda anayakata kwa kisu kidogo mpaka yanakuwa kama kachumbari. Kinyesi na mkojo na maji anakoroga kwa mti, anauinua mti, anaangalia tope linavyochuruzika. "Bado zito. Liwe kama uji wa mtoto anayeanza kula." Na maji anayotumia sasa ni ya kuoshea mboga na ya kulowekea mahindi, amewapangia wote mahali pa kuyamwaga.

Sabuni? Mwanangu, sabuni hapa imekuwa kama bangi. Mtu akisogea anaulizwa, "Umenawa na nini?" Mchungaji alikuja kututembelea, kanawa mikono kwa sabuni yake ya kipande, akataka kumwaga maji yale karibu na shimo. Bibi akamwinulia mkongojo. "Baba Mchungaji, shikamoo, lakini hapo utaua." Mtu wa Mungu kashika beseni hewani hajui aende wapi. Baba yako alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Moto ukarudi. Jumapili ya kwanza ulikuwepo. Jumapili ya pili ulikuwepo na nguvu zaidi. Bibi anauangalia tu kwa upande. Halafu Alhamisi iliyopita naamka, nakuta mahindi yamelowekwa, maharage yamelowekwa. Sikumuuliza. Nikawasha gesi baada ya uji, nikabandika sufuria lile lile la Krismasi.

Kila mtu siku hiyo alijifanya ana shughuli. Baba yako alinoa panga lililokuwa kali tayari. Mimi nikafagia uwanja, nikamaliza, nikafagia tena. Bibi kakaa mlangoni mwa jiko, hatazami moto, lakini hakuhama. Mama Lea akaja kuomba chumvi. Chumvi nikampa, hakuondoka.

"Kuni mmezificha wapi?" akauliza.

"Angalia chini ya kitanda," baba yako akamjibu toka nje.

"Jirani, mimi nauliza kwa wema."

"Na mimi nakujibu kwa wema. Kitanda kikubwa ni kile cha kulia."

Jua likapita juu ya bati. Moto umesimama, wa bluu, haupungui. Bibi akachota punje ya hindi, akaibinya kwa vidole. "Bado." Tukangoja. Akachota tena. "Bado." Moyo wangu ulikuwa unapiga kama niko leba nakuzaa wewe. Mara ya tatu akabinya, hakusema bado. Akanyoosha mkono anataka sahani. Nikampakulia, akala, anatafuna polepole, na sisi wote tumesimama pale kama washtakiwa, Mama Lea na chumvi yake mkononi.

"Chumvi haijatosha," akasema.

Sechelela, sijawahi kusikia neno tamu kama lile tangu nizaliwe! Baba yako alipiga yowe lililoamsha mbwa. Mama Lea mwenyewe ndiye aliyeongeza chumvi, ile ile aliyoomba, halafu akavuta kigoda akala sahani mbili. Na Bibi alipomaliza, alisimama akaenda kwenye kona yake ya siku zote, akayainamia mafiga yake. Tukataka kumsaidia, akatufukuza. Aliyasukuma kwa mguu na mkongojo, moja moja, mpaka nje. Aliahidi atayatoa mwenyewe, na akayatoa mwenyewe. Tangu siku ile analala usiku kucha bila kukohoa, na asubuhi macho yake yana weupe ambao nilikuwa nimeusahau.

Kwa hiyo ninyi mnaosomewa barua hii, mmesikia. Na wewe uliye Songea sikia zaidi yao. Kazi yako haikushindwa. Haikushindwa hata siku ile ya Krismasi, ulipokuwa unacheka kicheko ambacho si chako. Ilijengwa vizuri, ikapendwa vibaya, basi. Ulibeba aibu mpaka huko kusini, ukaitunza, na kumbe haikuwa mali yako. Itue hapo hapo ulipo, usipande nayo basi.

Mama Lea anataka namba yako ya simu. Anasema mwanawe wa greda anataka mtambo kama huu, yeye atachimba shimo kwa greda yenyewe. Nimemwambia namba ya mtaalamu haigawiwi ovyo, asubiri uje mwenyewe amwombe kwa mdomo ule ule. Nampenda Mama Lea, lakini acha asubiri kidogo.

Mimi nakaa jioni hizi mbele ya jiko, nguo zangu hazinuki moshi, mikono yangu haina miiba, na muda niliokuwa natembea kufuata kuni sasa nimeupata, nimeshona mto wa kiti, nimemaliza, naanza mwingine. Nimeridhika, mwanangu. Kama si sahani ile ya kabatini ningesema sina ninalomdai Mungu.

Bibi anataka kuongea na wewe. Nilimpa simu, akairudisha, anasema simu haina macho. Anataka akwambie mwenyewe kwamba sabuni ilikuwa yake, na ana neno jingine ambalo amekataa kuniambia mimi. Nimemsomea barua hii yote kabla ya kuikunja. Pale pa beseni aliniambia nifute, halafu akaniambia acha, Seche ajue.

Kwa hiyo njoo. Omba ruhusa, na wakikunyima waambie wampigie mama yako. Mlete na yule kijana unayemtaja kila simu kama "mwenzangu wa kazini", tumwone huyo mwenzako wa kazini anakula nini. Baba zako wadogo watatoka Mpwapwa, wanakwaya watakuwepo, mchungaji kashaahidi, na Mama Lea anakuja na mtu wake wa greda. Siku kaichagua Bibi, na hapa nyumbani hakuna wa kumpinga. Tunawangoja wote Jumatatu ya Pasaka.

Mama yako mzazi